Ajali Yenye Kinga: Kuyahifadhi Meno Michezoni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Ni methali tunayoitaja mara kwa mara msiba unapotuzukia, nayo hututuliza nyoyo kwa kuwa humwondolea lawama aliyeumia na waliokuwa naye. Hata hivyo, kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anafahamu kwamba methali haina nguvu sawa katika kila muktadha, na kwamba aghalabu methali moja hupingwa na nyingine. Wahenga haohao waliotuambia kuwa ajali haina kinga ndio waliotuonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Makala haya yanaangazia ajali moja ambayo, kinyume na methali ya kwanza, ina kinga kwa maana halisi kabisa ya neno hilo: kinga inayoshikika mkononi, inayooshwa kwa maji na kuhifadhiwa kikashani. Ajali hiyo ni kuvunjika au kung'oka kwa meno michezoni.

Huenda msomaji akajiuliza meno na michezo vimeingiaje katika jarida la Kiswahili. Jibu ni sahali. Wanafunzi wa Kiswahili ni wachezaji pia: wako katika timu za raga, mpira wa magongo, soka, mpira wa vikapu na taekwondo za vyuo vyetu, na wengi wao watakuwa walimu watakaokabidhiwa timu za shule. Zaidi ya hayo, maarifa kuhusu ajali hii yameandikwa kwa wingi katika lugha za kigeni ilhali katika Kiswahili ni haba. Makala haya basi yananuia kueleza mambo matatu: kwa nini jino la mtu mzima likipotea halirudi, ni kinga gani iliyopo na hufanya kazi vipi, na ni hatua zipi zinazoweza kuliokoa jino lililokwisha kung'oka.

Jino na Thamani Yake

Mtoto huota meno 20 ya utotoni. Kuanzia umri wa miaka sita hivi, meno hayo huanza kung'oka na kuyapisha meno ya kudumu, ambayo hufikia 32 kwa mtu aliyekamilisha magego yake yote. Baada ya hapo hakuna seti ya tatu. Jino lina taji, yaani sehemu inayoonekana, na mzizi uliozama katika mfupa wa taya. Taji limefunikwa kwa enameli, ambayo ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, hata mfupa. Chini ya enameli kuna dentini, na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na neva. Mzizi nao haukukazwa katika mfupa kama msumari ubaoni. Umeshikiliwa na nyuzi nyembamba mno zenye seli hai. Tuzikumbuke nyuzi hizi, kwa maana ndizo zitakazoamua hatima ya jino lililong'oka.

Ugumu wa enameli ndio unaowapumbaza wengi. Enameli haina seli hai, hivyo ikivunjika mwili hauwezi kuijenga upya. Ngozi ikichubuka hupona. Mfupa ukivunjika huunga. Jino lililovunjika husalia limevunjika hadi fundi alitengeneze, na kila matengenezo yana umri wake. Kwa kuzingatia ukweli huu, kanuni za soka zinashangaza kidogo. Kanuni ya 4 ya mchezo huo inamlazimu kila mchezaji kuvaa vikinga vya ugoko, lakini haimlazimu kuvaa chochote kinywani. Mfupa unaoweza kuunga umelindwa kwa sheria, na jino lisiloweza kuunga limeachiwa bahati.

Kwa mwanaisimu, hasara ya jino haiishii katika kutafuna na kutabasamu. Tunapofundishwa fonetiki, tunajifunza kuwa meno ni miongoni mwa ala za sauti. Sauti [f] na [v] hutamkwa mdomo wa chini unapogusana na meno ya juu ya mbele. Sauti tunazoziandika th na dh hutamkwa ncha ya ulimi inapokuwa baina ya meno au inapoyagusa. Kwa hiyo, anayepoteza meno mawili ya juu ya mbele hupoteza mahali pa kutamkia maneno kama fahari, vazi, thamani na dhahabu. Hebu tumtafakari mwalimu wa Kiswahili ambaye kila siku huwarekebisha wanafunzi wanaosema "zahabu" badala ya dhahabu, kisha siku moja yeye mwenyewe ashindwe kuwapa mfano.

Msamiati wetu nao umeipima hasara hii kwa makini. Nafasi ya asili baina ya meno ya mbele tunaiita mwanya, nao umesifiwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kuwa pambo la uso. Nafasi inayoachwa na jino lililotoka tunaiita pengo. Yote mawili ni nafasi baina ya meno, lakini mwanya humaanisha uzuri ilhali pengo humaanisha upungufu, hata tukalihamisha neno hilo na kulitumia kwa kifo cha mtu tuliyempenda.

Jinsi Ajali Inavyotokea

Meno yanayoumia zaidi ni yale ya juu ya mbele, hususan mawili ya katikati. Sababu yake iko wazi: ndiyo yanayotangulia kukutana na pigo. Watu ambao meno yao ya juu yamechomoza mbele kuliko kawaida wamo hatarini zaidi, kwa sababu midomo yao haiyafuniki vya kutosha.

Katika raga, pigo hutokana na bega, kiwiko au goti la mchezaji anayekabwa. Katika mpira wa magongo hutokana na gongo lililoinuliwa au mpira wenyewe, ambao ni mgumu na wenye kasi. Katika mpira wa vikapu, ambao wengi huudhania kuwa mchezo wa amani, viwiko vya wanaorukia mpira chini ya kikapu vimeng'oa meno mengi. Katika soka, vichwa viwili vinavyougombea mpira wa juu hugongana. Mwendesha baiskeli akianguka kifudifudi, na mtoto akiteleza kutoka kwenye bembea, kinachotangulia ardhini mara nyingi ni kidevu au kinywa.

Aina za majeraha pia hutofautiana. Jino linaweza kupata ufa, kumeguka ncha, kuvunjika hadi kiini kikawa wazi, kulegea, kusukumwa ndani ya taya, au kung'oka lote pamoja na mzizi wake. Isitoshe, pigo la kidevuni huyagonganisha meno ya chini na ya juu kwa nguvu, na gego la nyuma ambalo halikuguswa na mtu yeyote likapasuka. Midomo, ulimi na mashavu nayo hukatwa na meno ya mwenyewe.

Historia Fupi ya Kinga

Kinga ya meno ilizaliwa ulingoni. Katika miaka ya 1890, daktari wa meno wa London aliyeitwa Woolf Krause aliwawekea mabondia vipande vya utomvu uliokaushwa wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki juu ya meno yao kabla ya pambano. Mwanawe, Philip Krause, aliyekuwa daktari wa meno pia, aliendeleza kazi hiyo kwa kutengeneza kinga iliyoweza kuvaliwa na kuvuliwa. Bondia Mwingereza Ted "Kid" Lewis alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia, katika mwongo wa pili wa karne ya 20.

Hapo mwanzo kinga ilitiliwa shaka, na baadhi ya watu waliiona kuwa hila ya kumpa bondia mmoja nafuu asiyostahili. Mwaka 1927 Mike McTigue alilazimika kuliacha pambano lake dhidi ya Jack Sharkey kwa kuwa jino lake lililovunjika lilimkata mdomo vibaya. Kisa hicho kilichangia kubadilisha fikra za wengi. Hivi leo, katika mchezo huo uliompa Robert Wangila wa Kenya nishani ya dhahabu mjini Seoul mwaka 1988, bondia hashindani bila kinga ya meno.

Michezo mingine ilifuata kwa mwendo wa pole. Nchini Marekani, kinga ililazimishwa kwa wachezaji wa kandanda ya Kimarekani wa shule za sekondari mwaka 1962, na kwa wale wa vyuo vikuu mwaka 1973.

Funzo Kutoka Nyuzilandi

Je, kinga huleta tofauti inayoweza kupimwa? Mfano bora unatoka Nyuzilandi, nchi ambayo raga ni kama dini ya taifa. Chama cha raga cha huko kiliwalazimu wachezaji wa chini ya umri wa miaka 19 kuvaa kinga mwaka 1997, kisha kikawalazimu wa ngazi zote mwaka 1998. Nchi hiyo ina shirika la serikali linalogharimia matibabu ya ajali za raia, hivyo kila dai la jino lililovunjwa na raga huhesabiwa. Watafiti walipolinganisha takwimu, walikuta kuwa matumizi ya kinga kwa mujibu wa wachezaji wenyewe yalipanda kutoka asilimia 67 mwaka 1993 hadi asilimia 93 mwaka 2003. Baina ya 1995 na 2003, madai ya majeraha ya meno yatokanayo na raga yalipungua kwa asilimia 43.

Matokeo hayo hayako peke yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la Sports Medicine mwaka 2007 ulionyesha kuwa hatari ya kuumia kinywa na uso kwa mchezaji asiye na kinga ni mara 1.6 hadi 1.9 ya ile ya mwenye kinga.

Ni vyema kutahadhari hapa. Wapo wanaodai kuwa kinga ya meno huzuia pia mtikisiko wa ubongo. Ushahidi wa dai hilo haujawa thabiti kama ule wa meno. Tangu mwaka 2024, raga ya kiwango cha juu duniani imekuwa ikitumia kinga zenye vihisio vinavyopima ukubwa wa pigo kichwani ili madaktari wajue nani wa kuchunguzwa. Kinga hizo hupima pigo. Hazimpi mchezaji ruhusa ya kukipuuza kichwa chake.

Kinga Hufanyaje Kazi, na ni Zipi Aina Zake?

Kinga ya meno ni kifaa cha plastiki laini kinachofunika meno ya juu na sehemu ya ufizi. Pigo linapofika, kinga hulitawanya ili lisituame katika jino moja. Aidha, hutenganisha meno ya juu na ya chini ili yasigongane, na hutenganisha meno na midomo ili midomo isikatwe.

Zipo aina tatu. Ya kwanza ni ile inayouzwa ikiwa tayari kuvaliwa. Ni rahisi kwa bei, lakini haimkai mtu yeyote barabara. Mchezaji hulazimika kuuma meno ili isidondoke, na hivyo hutatizika kupumua na kuzungumza. Aina hii ndiyo iliyoipa kinga sifa mbaya. Ya pili ni ile inayolainishwa kwa maji moto kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji, kisha huumwa na kubanwa kwa ulimi na vidole hadi ichukue umbo la meno. Ikiumbwa kwa uangalifu huwafaa wanafunzi wengi, na bei yake aghalabu huwa chini ya bei ya jozi ya viatu vya raga. Ya tatu hutengenezwa na daktari wa meno kutokana na kielelezo cha kinywa cha mchezaji mwenyewe. Hii ndiyo inayokaa vizuri zaidi na kulinda zaidi, ingawa gharama yake ni kubwa. Mchezaji aliyefungwa nyaya za kunyoosha meno anapaswa kumwona daktari kabla ya kununua kinga yoyote.

Kinga nzuri haichezi kinywani hata mtu akifungua mdomo, haimzuii kuvuta pumzi, na humwezesha kumwita mwenzake uwanjani akasikika. Baada ya mchezo yafaa ioshwe kwa maji baridi na mswaki, ikaushwe, kisha iwekwe katika kikasha chenye matundu ya hewa. Isiachwe juani wala ndani ya gari lenye joto, kwa maana itapoteza umbo. Isitafunwe kama muwa wakati wa mapumziko. Isiazimwe, hata kwa rafiki wa chanda na pete. Ikichanika, ikilegea, au meno ya mtoto yakibadilika, ibadilishwe.

Jino Liking'oka: Saa ya Kwanza

Licha ya tahadhari zote, meno yatang'oka, na hapa ndipo ukosefu wa maarifa unapogharimu zaidi. Mwanafunzi mwenzangu mmoja aling'olewa jino la mbele katika mechi ya kirafiki ya raga jioni ya Jumamosi. Jino lilipatikana nyasini likiwa zima. Wenzake walilifungia katika karatasi ya shashi, akalitia mfukoni, wakampa pole wakimwambia kuwa ajali haina kinga. Jumatatu alipofika kwa daktari, jino lilikuwa limekauka kama kokwa la tende. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna aliyejua.

Zile nyuzi zenye seli hai zilizotajwa hapo juu hubakia zimeushika mzizi wa jino lililong'oka. Zikiwa hai, jino likirudishwa linaweza kushikamana tena na taya. Zikikauka hufa. Matumaini bora zaidi huwa katika dakika 15 za mwanzo, na baada ya dakika 60 za ukavu huhesabiwa kuwa zimekwisha. Hatua za kufuata ni hizi:

Kwanza, mwangalie mchezaji kabla ya jino. Ikiwa amezirai, amechanganyikiwa, anatapika au anavuja damu nyingi, kulinda uhai wake ndilo jambo la awali, na jino lisirudishwe kinywani mwake.

Pili, lishike jino kwa taji lake. Usiguse mzizi, usiukwangue wala kuupangusa kwa kitambaa.

Tatu, likiwa na uchafu, lisuuze kwa sekunde chache kwa maziwa au maji safi baridi, bila sabuni na bila kusugua.

Nne, ikiwa ni jino la kudumu na mchezaji ana fahamu, lirudishe katika tundu lake, upande wa mbele ukitazama mbele, kisha aume leso kwa upole ili likae.

Tano, ikiwa haiwezekani kulirudisha, litumbukize katika maziwa baridi ya kawaida. Si mala wala chai ya maziwa. Maziwa yakikosekana, mchezaji ateme mate katika kikombe kisafi na jino litiwe humo. Lisikaushwe, na lisilowekwe katika maji matupu, kwani maji huziharibu seli.

Sita, fika kwa daktari wa meno saa hiyohiyo. Daktari atalifunga jino kwa majirani zake kwa majuma mawili hivi, ataamua juu ya kiini chake, na ataangalia ikiwa chanjo ya pepopunda inahitajika.

Jino la utotoni likin'goka lisirudishwe, kwa sababu laweza kuliumiza jino la kudumu linalochipuka chini yake. Hata hivyo, mtoto apelekwe kwa daktari. Vipande vya jino lililovunjika navyo vihifadhiwe katika maziwa au maji, kwa kuwa mara nyingine huweza kubandikwa.

Msomaji atambue kuwa hakuna kifaa adimu kilichotajwa katika hatua hizi. Pakiti ya maziwa inayouzwa katika kioski nje ya lango la chuo ingetosha kumpa yule mwenzetu nafasi ya kubakia na jino lake.

Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Maarifa haya hayana budi kuwafikia wanaoyahitaji: mchezaji, kocha, mwalimu wa michezo, mzazi. Lugha inayowafikia wote hao katika uwanja mmoja nchini Kenya ni Kiswahili. Hapa ndipo kazi yetu inapoanzia, na inaanzia katika istilahi. Makala haya yametumia kinga ya meno. Wapo watakaopendekeza kingameno kama neno ambatani, na wapo watakaopendelea kilindameno. Mjadala huo ni halali, na kurasa hizi ni mahali pake. Kigezo kimoja kisisahaulike: istilahi iwe nyepesi kiasi cha kocha kuipaza pembeni mwa uwanja, na mtoto wa darasa la nne kuielewa bila kufafanuliwa.

Baada ya istilahi yafuate matendo. Chama cha Kiswahili katika chuo chochote kinaweza kuandika hatua sita zilizotajwa hapo juu kwenye bango la ukurasa mmoja na kulibandika katika chumba cha kubadilishia nguo. Kinaweza kuwaalika wanafunzi wa udaktari wa meno, ambao hufundishwa katika vyuo kama vile Chuo Kikuu cha Nairobi, waje kuzungumza kwa Kiswahili. Nao walio katika mazoezi ya kufundisha wanaweza kuhakikisha kuwa sanduku la huduma ya kwanza la timu ya shule haliendi uwanjani bila kikombe kisafi chenye kifuniko na pesa za pakiti ya maziwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa jino la kudumu haliwezi kujijenga upya, kuwa kinga ya meno imethibitika kupunguza majeraha pale ilipotumiwa kwa bidii, na kuwa jino lililong'oka linaweza kuokolewa iwapo halitaachwa likauke. Hatusemi kuwa wahenga walikosea. Zipo ajali zisizo na kinga, nazo zitaendelea kutufika. Tunachosema ni kuwa si haki kuitumia methali yao kufunika uzembe wetu. Msimu mpya wa michezo unapoanza na jezi zinapogawanywa, kila nahodha na awaulize wachezaji wake swali moja kabla ya filimbi: kinga zenu ziko wapi?